Sisi Tunaolala Kariakoo

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakaa Kariakoo, atakuuliza unauza nini. Ukimjibu kwamba huuzi kitu, unakaa tu, una kitanda, jiko la gesi na LUKU inayoisha kila mara, anakutazama kama umemwambia unaishi uwanja wa ndege. Kwa wengi Kariakoo ni pa kwenda asubuhi na pesa na kurudi jioni na mzigo. Unashuka mwendokasi Gerezani, unabana mkoba kifuani, unapambana na Mtaa wa Kongo, unapata ulichofuata, unaondoka kabla simu haijabadili mwenyewe. Kwamba saa nne usiku kuna mama anaanua nguo za watoto juu ya duka la vitenge, hilo halimwingii mtu akilini.

Nimepanga ghorofa ya tano, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Chini kabisa ni fremu za maduka. Juu yake stoo, juu ya stoo ofisi za mawakala wa mizigo, na juu ya hao ndipo wanapoanza watu wenye masufuria. Lifti ipo. Mchana inapanda na kushuka na marobota, usiku inapumzika, nasi tunapanda ngazi. Jirani zangu wa kulia ni familia kubwa ya Wapemba. Wa kushoto ni vijana wawili wanaouza vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, na wao hulala saa ambazo wenzao wanaamka. Juu ya paa kuna matangi ya maji, kamba za kuanikia, na bibi mmoja anayefuga kuku ambaye hajawahi kueleza ruhusa hiyo aliipata wapi.

Mchana mtaa si wetu, tuliokwishazoea tunalijua hilo na hatugombani nalo. Spika za machinga zinaanza mapema na bei moja mpaka jioni, elfu tano, elfu tano, chagua mwenyewe. Maguta, mikokoteni, bodaboda na makuli wenye marobota kichwani wote wanapita palepale, na kila mmoja anaamini barabara ni yake. Mtu akitaka kukutembelea mchana unamwambia asubiri. Si kwamba hutaki mgeni. Ni kwamba utatumia dakika ishirini kumwelekeza kwenye simu, yeye hasikii, wewe husikii, na muuza sufuria aliyesimama mlangoni kwenu anadhani anaulizwa yeye.

Halafu inafika magharibi. Adhana inatoka Msikiti wa Mtoro, mageti ya chuma yanaanza kushushwa moja moja, na kelele ya mageti hayo ndiyo kengele yetu. Wanapita wafagiaji na milima ya maboksi na nailoni. Kufikia saa mbili usiku mtaa umebadilisha wenyewe. Watoto waliokuwa wamefungiwa ndani kutwa wanashuka na mpira. Mama Lishe aliyekuwa anawapikia makuli mchana anaondoa masufuria, na palepale anatandaza meza mtu wa chipsi na mishkaki. Pembeni yake anasimama muuza pweza. Mwangalie huyu siku moja, usimpite tu. Ana meza ndogo yenye taa, juu yake pweza mzima aliyekwisha kuchemshwa, mwekundu wa kuiva, mikia imejikunja. Unamwonyesha kipande, anakikata vipande vidogo kwa kisu chembamba bila kuangalia kisu, anakuangalia wewe. Kijiti cha meno kimoja kwa kila mteja, bakuli moja la pilipili la wote. Supu anaimimina kwenye kikombe na kumpa mwanamume yeyote kwa tabasamu lenye maana yake. Mimi ananipa bila tabasamu.

Lakini kitovu cha usiku wa Kariakoo si chakula. Ni kijiwe cha kahawa.

Kijiwe chetu kiko mbele ya nyumba mojawapo ya zile chache za zamani zilizobaki mtaani. Mzee ana birika limekalia jiko la mkaa, ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, sinia la kashata, na mabenchi mawili ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu wa miaka mingi. Kahawa chungu, kikombe kidogo kisichojaza koo. Wanawake hatukai sana vijiweni, na mwanzoni nilikuwa nanunua kashata na kupanda zangu juu. Siku moja nilisimama kusikiliza ubishi kidogo zaidi ya inavyostahili, nikaulizwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Wewe si wa ghorofani?"

"Ndiye mimi."

"Yanga au Simba?"

"Yanga."

"Haya. Kaa huku upande wa moshi."

Tangu siku hiyo nina nafasi, ya upande wa moshi. Na hapo ndipo nilipoielewa Kariakoo, kwa kiasi ambacho mtu wa kuja anaweza kuielewa. Ubishi wa kijiweni una kanuni zake. Hakuna kukubali. Hakuna kukasirika kweli. Anayeshindwa kwa hoja anabadilisha mada na kumkumbusha mwenzake goli la miaka ya nyuma. Na mtu akikosa kuonekana jioni mbili mfululizo, wa kwanza kutuma mtoto kwenda kumwangalia ni yule anayebishana naye. Ninayotaka kusema katika makala haya yanatoka hapo: utamaduni wa mtaa huu, mpira wake, muziki wake, hata siasa yake, ulitengenezwa na watu wanaobishana huku wamepakana kuta.

Kwanza mtaa wenyewe ulivyopatikana. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916 katikati ya vita, na eneo hili wakalifanya kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, jina ambalo midomoni mwetu likawa Kariakoo. Maelfu ya wanaume walibebeshwa vyakula na risasi kwa miguu kumfuata Mjerumani kusini, na wengi hawakurudi. Vita vilipoisha, mji ukagawanywa kwa rangi: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, Waafrika huku, na katikati uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, uliowekwa makusudi ili tusikaribiane. Serikali ya kikoloni iliuita ukanda huo hatua ya afya. Waliokuwa upande huu wa uwanja walijua ni hatua ya nini.

Huku wakajenga nyumba za Kiswahili. Anayezijua hahitaji maelezo, ila watoto wa siku hizi wanakulia kwenye fleti: mlango mmoja mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani kwa jiko na choo. Mwenye nyumba chumba kimoja au viwili, vingine vya wapangaji. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi, Mngazija, Mnubi, wote uani mmoja, wanapokezana jiko. Na mbele, baraza. Baraza ilikuwa ya kila mtu. Mwenye nyumba anakaa, mpangaji anakaa, mpita njia akichoka anakaa. Mitaa imenyooka na kukatana kama daftari la hesabu, kwa hiyo aliye barazani anaona kona nne, na aliye kona nne anamwona.

Ukiwaweka watu namna hiyo lazima wagawanyike makundi. Zamani za ngoma ya beni, vijana wa pwani yote walikuwa Marini au Arinoti. Wana vyeo vya kijeshi, wana sare, wana tarumbeta, na kila upande unaumiza kichwa jinsi ya kuuaibisha mwingine kwa mavazi na nyimbo. Marini wakijiona wastaarabu zaidi, Arinoti wakijibu kwa wingi na kelele. Taarabu nayo ikaja na vyama viwili, Egyptian na Al-Watan. Mwaka 1935 ikaanzishwa Yanga, na mwaka uliofuata ikatoka timu ambayo baada ya kubadilisha majina, likiwemo la Sunderland, tangu 1971 tunaiita Simba. Moja ina makao Jangwani, nyingine Mtaa wa Msimbazi. Kutoka jengo hadi jengo unaenda kwa miguu, huhitaji hata maji ya kunywa njiani. Nchi nzima imegawanyika kwa sababu ya majirani wa mwendo huo.

Watu hupenda kueleza Simba na Yanga kwa hesabu za vikombe. Mimi nadhani ajabu ni ukaribu. Hawakuwa watu wa miji miwili wanaochukiana bila kujuana. Walikuwa mtu na shemeji yake, fundi na mteja wake. Ndiyo maana tunaitana watani wa jadi na si maadui, na ndiyo maana wiki ya mechi hapa kwetu ngazi za jengo hazipitiki. Vijana wa Aggrey ni Simba, Wapemba wamegawanyika baba huku mama kule, na bibi wa kuku hashangilii timu yoyote ila anashangilia yeyote aliyefungwa kwa sababu, anasema, wanakuwa wapole.

Siasa nayo. Tarehe 7 Julai 1954 TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa kwenye nyumba ya chama Mtaa wa New Street, leo Lumumba. Hili kila mwanafunzi analijua, lakini kitabu cha shule kinamweka Mwalimu Nyerere peke yake kwenye picha. Nyuma yake kulikuwa na mtaa. Kulikuwa na akina Sykes, ambao baba yao Kleist alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association, chama kilichoitangulia TANU, mwaka 1929. Mwanawe Abdulwahid alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo, kazi inayomfanya mtu ajuane na kila anayeuza ndizi. Na kulikuwa na wanawake wa vikundi vya ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi kiitwacho Bomba. Alipoambiwa awaingize wanawake chamani, hakuanza na hotuba. Aliwaendea viongozi wa ngoma, maana kila mmoja wao alikuwa na wanawake wake ambao akiwaita wanakuja. Ndani ya miezi michache chama kikajaa kanga. Vikundi vilivyokuwa vikishindana kwa nyimbo na sare vilikuwa tayari na kila kitu ambacho chama cha siasa kinahitaji: wanachama, michango, mikutano, na ulimi.

Sasa dansi, ambayo ndiyo iliyonileta mimi huku, kusema kweli. Nilipohamia Kariakoo, bendi ya Sikinde walikuwa bado wanapiga ukumbi wa DDC. Niliwahi kupelekwa na mjomba wangu, mtu wa Ilala, mshabiki wa kufa. Viti vya plastiki, feni zinazozunguka kwa hisani, wazee wamevaa suti za enzi ya mshono wa kweli, kina mama vitenge vilivyopigwa pasi mpaka vinakata. Wimbo unaanza taratibu, na kwa muda mrefu hakuna anayechangamka sana. Watu wanasikiliza maneno. Muziki wetu wa dansi ni kisa kinachoelezwa: mwanamke kaachwa na mashemeji wanamnyang'anya vyombo, mwanamume kakopa akatoroka mji. Ukimaliza kisa, magitaa yanashikana, tarumbeta na saksafoni zinaingia, ndipo linapoanza chemko na ukumbi wote unasimama. Wakati wa kutunza, mzee mmoja mwenye bakora alitoka meza ya nyuma kabisa, akatembea polepole akifuata mdundo, akambandika mwimbaji noti kipajini, akageuka na kurudi kwa mwendo uleule. Ilimchukua karibu ubeti mzima. Hakuna aliyemharakisha, na bendi iliurudia ubeti ili afike kitini.

Na bila shaka walikuwa na mpinzani. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilishwa jina bendi nayo ilibadilishwa: JUWATA, kisha OTTU, hadi watu wakachoka na kuiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, mwaka 1983, na mtindo wake ukaitwa Sikinde. Msondo na sikinde zote mbili ni ngoma za huku pwani kabla ya kuwa majina ya bendi. Muhidin Gurumo, aliyefariki 2014, aliimba pande zote mbili, na hadi leo kijiweni kuna watu hawajakubaliana ni upande upi aliimba vizuri zaidi. Mjomba wangu anasema Sikinde. Mzee wa kahawa anasema mjomba wangu hana masikio.

Wapenda dansi wa umri wa mjomba wanalia kwamba Kariakoo imekufa. Siwaungi mkono, na nitaeleza. Bendi hizo hazikuota zenyewe kama uyoga wa masika. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, wanamuziki walikuwa waajiriwa. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi, bima walikuwa na Bima Lee, mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz, jeshi na polisi wana zao. Mfanyakazi alipata mshahara mwisho wa mwezi, alitoka kazini saa inayojulikana, akaenda kucheza bendi ya chama chake. Mashirika yalipouzwa na kufungwa miaka ya tisini, muziki ule ulipoteza mwajiri na mteja kwa pamoja. Waliobaki na pesa na usiku walikuwa watu wengine, wenye starehe nyingine. Miaka hiyohiyo vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano vikajaza kumbi kwa mipasho, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, na wanawake waliokuwa wakisindikizwa na waume zao kwenye dansi wakaja wenyewe, na noti zao wenyewe. Leo ikifungwa turubai mtaani kwa ajili ya harusi ni singeli, kasi ya kuumiza mbavu, na watoto wa jengo letu wanajua kila neno.

Kwa hiyo muziki haujafa, umehamia kwa wenye usiku. Kinachonitia wasiwasi mimi ni baraza.

Kariakoo ya sasa inajengwa kwenda juu. Mwenye nyumba ya zamani anafuatwa na mtu mwenye pesa, wanaingia ubia: wewe kiwanja, mimi jengo, nikimaliza wewe ghorofa hizi, mimi zile. Kwa familia nyingi ni njia pekee ya urithi kugawanyika bila kupigana, maana nyumba ya vyumba sita yenye warithi ishirini haikatiki. Siwezi kumlaumu mtu. Nami nakaa kwenye matunda ya ubia wa namna hiyo. Lakini fremu ya chini ndiyo yenye bei. Mtu analipa kilemba cha mamilioni kwa chumba cha kujinyoosha mikono, kodi mbali. Nani atakuachia mita mbili za mbele ili wazee wakae na kunywa kahawa? Baraza ni sehemu ya kwanza kuondoka, kabla hata ya paa.

Na tamaa ya futi za mraba ina upande wake mwingine. Jumamosi asubuhi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Mtaa wa Mchikichi. Kwetu tulisikia mtikisiko, kisha vumbi likafunika mitaa. Watu wa kwanza kufika walikuwa makuli na wauza duka, na walianza kuchimba kwa mikono. Waliokwama chini walikuwa wakipiga simu. Uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa na zaidi ya watu 20 walikufa. Yalisemwa mengi kuhusu uchimbaji wa andagraundi, serikali ikaunda tume, na kwa wiki chache kila mpangaji wa Kariakoo alikuwa mhandisi, anagonga nguzo kwa ngumi. Bado nikisikia nyundo za usiku jengo la jirani huwa nashuka kuuliza wanafanya nini. Si kwa ujeuri.

Soko lenyewe nalo limepitia yake. Jengo alilolichora Beda Amuli, likafunguliwa 1975, lile lenye miamvuli ya zege juu ili wauzaji wakae kana kwamba wako chini ya miti, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Watu wanaweza kuwa na maoni yao kuhusu harufu ya ngazi zake za chini, lakini mimi sijui soko jingine Dar lililochorwa na mtu aliyewatazama kwanza wauza mboga. Mwaka huohuo machinga waliondolewa barabarani. Walirudi. Huwa wanarudi.

Mara moja tu nimeiona Kariakoo ya mchana ikiwa yetu. Mei 2023 wafanyabiashara waligoma kwa sababu ya malalamiko ya kodi, maduka yakafungwa, hadi Waziri Mkuu akaja kukutana nao Mnazi Mmoja. Siku hizo mtaa ulinyamaza. Wanawake wa majengo, ambao huwa tunasalimiana usiku kwa sauti tu, tulishuka mchana na kuonana nyuso. Nilishangaa wingi wetu. Mama Mpemba alitoa mkeka, akaukunjua mbele ya geti lililofungwa, tukakaa hapo tukichambua mchele. Siku ya pili ilikuwa na mikeka zaidi. Maduka yalipofunguliwa kila mtu alishukuru, maana nusu ya jengo letu inakula kwa maduka hayo, lakini mikeka ile nimeikumbuka mara nyingi.

Sasa kuna mpango wa biashara saa 24, uliozinduliwa 2025, na taa zimefungwa mitaani. Wapo majirani wanaoona tunanyang'anywa hata usiku. Hoja yao naielewa. Ila usiku wa Kariakoo haujawahi kuwa wa wakazi peke yao. Wateja wa Zambia, Malawi, Komoro na Kongo wanafika saa yoyote, wanalala gesti za jirani, na malori yao yanapakia wakati sisi tunakula. Watu wa Lubumbashi ndio ninaowapenda. Wanakuja kijiweni na Kiswahili chao, "tuko natafuta viatu ya batoto," wazee wanawacheka, na wao wanawacheka wazee. Mmoja wao aliwahi kusimama na kusema kwamba bila Wakongo hakuna dansi Tanzania, akataja bendi ya Maquis, akataja mwanamuziki Remmy Ongala aliyeingia Dar 1978. Ubishi wa usiku ule sitausahau. Kahawa iliisha, mzee akachemsha nyingine, na lori la yule bwana lilipigiwa honi mpaka dereva akashuka kumfuata naye akakaa.

Kelele, ndiyo, zipo, na sitawadanganya. Kundi letu la WhatsApp la wapangaji ni kesi moja ndefu. Turubai lilikuwa na kibali cha serikali ya mtaa mpaka saa sita, mbona limefika saa tisa. Jenereta ya stoo inatoa moshi dirishani kwa nani. Nani kamwaga maji ngazini. Kuku. Lakini mwezi uliopita mtoto wa ghorofa ya nne aliugua usiku, na kabla mama yake hajamaliza kuandika ujumbe, bajaji ilikuwa chini, imeitwa na yule yule aliyekuwa akimtukana kuhusu maji ngazini.

Kwa wanaoniandikia kuuliza kama wahamie, nasema hivi. Dalali atakuonyesha chumba saa nne asubuhi Jumapili, mtaa ukiwa mtulivu, na ataapa ndivyo ulivyo. Rudi Ijumaa saa mbili usiku bila yeye. Uliza maji yanapanda siku zipi na pampu ni ya nani. Uliza lifti baada ya saa kumi na mbili. Angalia nguzo za chini, na uliza kama kuna anayechimba. Usitegemee kuegesha gari. Kama unapenda kulala saa tatu, Kigamboni ni pazuri na hewa ni safi. Na kabla ya kulipa kodi, shuka kijiweni, umuulize mzee wa kahawa ngazi hiyo ni ya Simba au ya Yanga. Kama ni ya Simba nawe ni mwenzangu, chukua hivyohivyo. Benchi la upande wa moshi lina nafasi ya mtu mmoja zaidi, na tunahitaji wingi kabla ya mechi ijayo.